Usimamizi wa Serikali katika Huduma za Ushauri wa Kazi Zinazotolewa kwa Mkataba: Mfano wa Uingereza, 1993 hadi 2022

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna Serikali ilivyosimamia huduma za ushauri wa kazi nchini Uingereza tangu sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu huduma hizo zikabidhiwe kwa watoa huduma wa nje kwa njia ya mkataba. Yakiongozwa na Nadharia ya Mtumaji na Wakala pamoja na hoja ya mikataba isiyokamilika, makala yanachambua vipindi vitatu vya ushauri kwa vijana na mfumo mmoja wa ushauri kwa watu wazima. Data zimetokana na sheria, taarifa za kamati za Bunge, taarifa za ukaguzi na tathmini zilizochapishwa. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa usimamizi haukutokana na mkataba wenyewe, bali na desturi ya kutegemea kipimo kimoja kana kwamba ndicho huduma. Aidha, makala yanaonesha kwamba kipindi ambacho Serikali iliona kidogo zaidi ni kile ambacho haikuwa tena na mkataba wowote na watoa huduma waliowahudumia wanafunzi shuleni.

1.0 Utangulizi

Ushauri wa kazi ni huduma inayomsaidia mtu kuchagua masomo, mafunzo au ajira kwa kuzingatia uwezo wake, matakwa yake na hali halisi ya soko la ajira. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, mazungumzo ya nusu saa na mshauri mwenye ujuzi yanaweza kuamua iwapo ataendelea na masomo ya juu, ataingia katika uanagenzi au ataacha shule bila mwelekeo. Ubaya wa ushauri duni hauonekani siku hiyo hiyo. Hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati mshauri, shule na kampuni iliyolipwa hawaulizwi tena.

Sifa hiyo ndiyo inayofanya usimamizi wa huduma hii kuwa mgumu. Barabara iliyojengwa vibaya hubomoka na kila mpita njia akaona. Ushauri uliotolewa vibaya huacha karatasi iliyosainiwa na takwimu iliyojazwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mtawala wa fedha za umma anayeweza kuupuuza usemi huo. Hata hivyo, tajiriba ya Uingereza inaibua swali la ziada: nini hutokea pale daftari linapokuwapo na limejaa, lakini kilichoandikwa humo si kile ambacho umma ulikusudia kukinunua?

Katika makala haya, jina Uingereza limetumika kwa maana ya nchi moja tu miongoni mwa nchi nne za Ufalme wa Muungano. Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina mifumo yake, na zitatajwa pale ulinganisho unapohitajika.

2.0 Istilahi na Mkabala wa Kinadharia

Neno usimamizi katika Kiswahili hubeba dhana kadhaa ambazo hapa zinapaswa kutenganishwa. Ya kwanza ni ufuatiliaji, yaani ukusanyaji wa takwimu wakati mkataba ukiendelea kutekelezwa. Ya pili ni ukaguzi, yaani ziara ya mtu asiye na masilahi anayekwenda kuona huduma inavyotolewa. Ya tatu ni tathmini, yaani kulinganisha waliohudumiwa na wasiohudumiwa ili kujua kama huduma imeleta tofauti. Ufuatiliaji hujibu swali la kiasi gani kimefanyika, ukaguzi hujibu swali la kimefanyika vipi, na tathmini hujibu swali la kimesaidia nini. Serikali inayotumia moja tu kati ya njia hizo hupata jibu la swali moja, lakini mara nyingi hulichukua kuwa jibu la maswali yote matatu.

Nadharia ya Mtumaji na Wakala, ambayo ilipata umaarufu kupitia kazi ya Jensen na Meckling (1976) kuhusu kampuni za kibiashara, inaeleza kwamba anayetumwa hujua mengi kuhusu kazi yake kuliko anayemtuma, na masilahi ya wawili hao hayafanani daima. Hart, Shleifer na Vishny (1997) waliisogeza hoja hiyo hadi kwenye huduma za umma. Walionesha kwamba mkataba hauwezi kuandika kila sifa ya huduma njema. Kwa hiyo, mtoa huduma binafsi mwenye ari ya kupunguza gharama anaweza kuzipunguza katika zile sifa ambazo mkataba haukuzitaja. Katika ushauri wa kazi, sifa zisizoandikika ni nyingi: usikivu, ukweli, kutoegemea upande wowote, na muda wa kumfahamu mshauriwa. Watts (1995), katika uhakiki wake wa matumizi ya kanuni za soko katika ushauri wa kazi, alilijadili tatizo hili mapema, mikataba ya kwanza ikiwa bado mipya.

3.0 Kipindi cha Kampuni za Ushauri wa Kazi

Kabla ya mwaka 1993, Sheria ya Ajira na Mafunzo ya mwaka 1973 ilizipa mamlaka za elimu za serikali za mitaa wajibu wa kutoa ushauri wa kazi kwa wanafunzi na wahitimu. Washauri walikuwa watumishi wa mamlaka hizo, na malalamiko ya wazazi yalifikishwa kwa madiwani. Sheria ya Mageuzi ya Vyama vya Wafanyakazi na Haki za Ajira ya mwaka 1993 ilibadili mpangilio huo. Wajibu ulihamishiwa kwa Waziri, naye akapewa mamlaka ya kuingia mikataba na watoa huduma mbalimbali. Kuanzia mwaka 1994 mikataba ilitolewa kwa awamu. Baadhi ya watoa huduma walikuwa ubia kati ya mamlaka za mitaa na asasi za waajiri, na wengine walikuwa kampuni binafsi zilizoshinda zabuni katika maeneo ambayo hazikuwahi kufanya kazi.

Usimamizi ulifanywa kupitia wizara na ofisi zake za mikoa. Nyenzo kuu ilikuwa mkataba wenye malengo ya idadi, na miongoni mwa malengo hayo lililojulikana zaidi lilikuwa idadi ya mipango ya utekelezaji, yaani hati iliyoandikwa baada ya mahojiano ikieleza hatua ambazo kijana alikusudia kuzichukua. Hati hiyo ilikuwa na faida kwa msimamizi: ingeweza kuhesabiwa, kuhifadhiwa na kuoneshwa kwa mkaguzi wa fedha. Kwa upande wa mshauriwa, thamani yake ilitegemea mazungumzo yaliyoitangulia.

Lawama iliyojitokeza katika mjadala wa kitaaluma ilikuwa kwamba washauri walisukumwa kuzalisha hati. Kijana ambaye tayari alijua anachokitaka alihesabiwa sawa na kijana aliyepotea njia, ingawa wa kwanza alihitaji dakika chache na wa pili alihitaji wiki kadhaa. Kwa mantiki ya mkataba, wa kwanza alikuwa na faida zaidi. Hali hii inalingana na kanuni inayohusishwa na mwanauchumi Charles Goodhart tangu mwaka 1975, kwamba kipimo kikigeuzwa kuwa lengo hupoteza uwezo wake wa kupima. Ni muhimu kusisitiza kwamba kampuni hazikuhitaji kudanganya ili hali hiyo itokee. Zilitekeleza mkataba kama ulivyoandikwa.

4.0 Kipindi cha Connexions na Urefu wa Mnyororo

Serikali ya chama cha Labour iliyoingia madarakani mwaka 1997 ilielekeza nguvu kwa vijana waliokuwa hatarini kuachwa nyuma. Sheria ya Ujifunzaji na Stadi ya mwaka 2000 iliweka msingi wa huduma iliyoitwa Connexions, ambayo ilianza mwaka 2001 na kuenea nchi nzima kufikia mwaka 2003 kupitia asasi 47 za ubia. Huduma hiyo iliunganisha ushauri wa kazi na msaada mpana wa kijamii kwa vijana wa miaka 13 hadi 19.

Kipimo nacho kilibadilika. Badala ya kuhesabu hati, Serikali iliweka lengo la kupunguza kwa asilimia 10 uwiano wa vijana wasio masomoni, kazini wala mafunzoni kati ya Novemba 2002 na Novemba 2004. Hayo yalikuwa maendeleo, kwa sababu sasa kilichopimwa kilikuwa hali ya kijana mwenyewe. Hata hivyo, mabadiliko hayo yaliambatana na matatizo mawili ya kiusimamizi.

Tatizo la kwanza lilihusu urefu wa mnyororo wa uwajibikaji. Baadhi ya asasi za ubia ziliajiri washauri moja kwa moja, ilhali nyingine ziliingia mikataba midogo na zile zile kampuni za ushauri wa kazi za kipindi kilichotangulia. Katika mfumo wa pili, Wizara ilimsimamia mbia, na mbia akaisimamia kampuni iliyomwajiri mshauri. Kila pingu ya mnyororo ilipokea taarifa kutoka chini, ikaifupisha, kisha ikaipeleka juu. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu, katika taarifa yake ya mwaka 2004, ilibainisha pia kwamba idadi ya washauri binafsi ilikuwa takriban 7,700, wakati mipango ya awali ilikadiria kwamba wangehitajika 15,000. Kwa hiyo, huduma iliyoahidiwa kwa vijana wote ilikuwa ikitekelezwa na karibu nusu ya watumishi waliokadiriwa, na hatari iliyokuwapo ni kwamba wanafunzi wasio katika kundi lengwa wangepata ushauri haba.

Tatizo la pili lilihusu wasiojulikana. Kijana aliyehama makazi au aliyeacha kupokea simu hakuingia kwa urahisi katika safu ya walio masomoni wala ya wasio na shughuli; aliandikwa kuwa hali yake haijulikani. Kipimo kinachowatenga watu wa namna hiyo kinaweza kuimarika kwa sababu vijana wamepata shughuli, au kwa sababu tu wamepotea machoni. Katika takwimu za miaka ya karibuni kuhusu vijana wa miaka 16 na 17, Wizara ya Elimu imekuwa ikiwajumlisha pamoja wasio na shughuli na wale ambao hali yao haijulikani. Mabadiliko hayo yanaonekana kuwa madogo, lakini kiusimamizi ni makubwa, kwa kuwa yanamwondolea mtoa taarifa faida ya kutojua.

5.0 Kuhamishia Wajibu Shuleni

Sheria ya Elimu ya mwaka 2011 ilileta geuko kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kuanzia Septemba 2012, shule za sekondari zenyewe zilipewa wajibu wa kuhakikisha kwamba wanafunzi wanapata ushauri wa kazi ulio huru, na mwaka uliofuata wajibu huo ulipanuliwa kwa madarasa zaidi. Neno huru lilifafanuliwa kisheria kuwa ushauri unaotolewa na mtu asiyeajiriwa na shule husika. Kwa tafsiri hiyo, shule iligeuzwa kuwa mnunuzi. Ingeweza kuingia mkataba na kampuni, kumlipa mshauri anayejitegemea, au kuwaelekeza wanafunzi kwenye tovuti na simu. Fedha zilizokuwa zikigharimia ushauri chini ya Connexions hazikuhamishiwa shuleni pamoja na wajibu huo.

Kwa mtazamo wa Nadharia ya Mtumaji na Wakala, mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kwanza, uhusiano wa kimkataba kati ya Serikali na watoa huduma waliowahudumia wanafunzi ulikatika. Takwimu za kimkataba, hata zile zilizolaumiwa kwa kuhesabu hati, hazikukusanywa tena kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa kuzidai. Pili, mnunuzi alikuwa na masilahi yake. Shule yenye madarasa ya juu ya sekondari hupata fedha kwa kila mwanafunzi anayebaki. Hivyo, haina motisha ya kumlipa mtu wa nje ili amweleze mwanafunzi huyo kuhusu chuo cha ufundi kilicho jirani.

Matokeo hayakuchelewa kuonekana. Mnamo Januari 2013, Kamati ya Elimu ya Bunge ilieleza kusikitishwa na uamuzi wa kuhamishia wajibu huo shuleni, na ikaonesha wasiwasi kuhusu kushuka kwa ubora na kiasi cha ushauri. Septemba mwaka huo huo, Ofsted, taasisi ya ukaguzi wa elimu, ilichapisha taarifa iliyotokana na ziara katika shule 60. Takriban robo tatu ya shule hizo hazikuwa zikitekeleza wajibu wao ipasavyo. Inafaa kuzingatia kwamba picha hiyo ilipatikana kwa njia ya ukaguzi, yaani kwa watu kwenda shuleni na kuuliza wanafunzi. Hakuna daftari lililokuwapo ambalo lingeitoa.

Hatua zilizofuata zinaweza kusomwa kama juhudi za kurejesha uwezo wa kuona. Mwaka 2014, taarifa iliyoongozwa na John Holman kwa ajili ya Gatsby Foundation ilipendekeza vigezo vinane vya ushauri mwema shuleni. Kigezo cha nane kinataka kila mwanafunzi apate angalau mahojiano ya ana kwa ana na mshauri aliyefuzu kabla ya kutimiza miaka 16, na mengine kabla ya miaka 18 iwapo ataendelea na masomo. Serikali iliviingiza vigezo hivyo katika mkakati wake wa Desemba 2017. Shule hujipima kwa vigezo hivyo kupitia nyenzo ya kidijitali iitwayo Compass, inayoendeshwa na The Careers & Enterprise Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2015 na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Wizara. Sheria ya mwaka 2017 nayo ilizitaka shule kuwaruhusu watoa mafunzo ya ufundi na uanagenzi kuzungumza na wanafunzi, jambo lililokiri waziwazi kwamba masilahi ya shule yanaweza kukinzana na ya mwanafunzi. Mwaka 2022 wajibu wa ushauri ulipanuliwa hadi darasa la kwanza la sekondari na kwa shule za umma zinazojiendesha nje ya mamlaka za mitaa.

Vigezo vinane ni bora kuliko kipimo kimoja. Hata hivyo, kujipima ni taarifa ya anayesimamiwa kuhusu nafsi yake. Bila ukaguzi wa kuithibitisha, taarifa hiyo ina udhaifu ule ule wa hati za miaka ya 1990.

6.0 Watu Wazima na Malipo Kulingana na Matokeo

Kwa upande wa watu wazima, Serikali iliendelea kuwa mnunuzi. Huduma ya Taifa ya Ushauri wa Kazi ilizinduliwa Aprili 2012, ikitolewa na watoa huduma walioshinda zabuni za maeneo. Watoa huduma hao hutakiwa kuwa na ithibati ya ubora iitwayo Matrix, na sehemu ya malipo yao imefungamanishwa na matokeo, yakiwamo kuridhika kwa wateja, hatua za kusimamia mwelekeo wa kazi, na kuingia kwenye ajira au mafunzo. Wasomaji wa Tanzania wanaifahamu mantiki hii kupitia mpango wa elimu wa Lipa Kulingana na Matokeo, ingawa katika mpango huo anayelipwa si kampuni bali ni Serikali inayopokea fedha za wafadhili.

Malipo ya namna hii yanaonekana kutatua tatizo la hati, kwa kuwa hulipia mwisho wa safari. Lakini mtu aliyepata kazi baada ya kushauriwa si lazima awe amepata kazi kwa sababu ya kushauriwa. Tathmini ya kiuchumi iliyofanywa na London Economics na kuchapishwa mwaka 2017 ililinganisha waliohudumiwa na watu wenye sifa zinazokaribiana. Ilibaini uhusiano chanya na kujiunga na mafunzo, lakini haikuweza kubainisha athari chanya katika ajira. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba huduma haina faida. Upatikanaji wa watu wanaofanana kwa ulinganisho ni mgumu. Yanachothibitisha ni kwamba idadi ya matokeo yaliyolipiwa na ukubwa wa tofauti iliyoletwa ni vitu viwili, na kwamba mkataba pekee hauwezi kuvitenganisha.

7.0 Ulinganisho na Nchi Jirani

Nchi nyingine za Ufalme wa Muungano zilifuata njia tofauti. Uskoti iliziunganisha kampuni zake mwaka 2002 kuwa Careers Scotland, kisha mwaka 2008 huduma hiyo ikaingizwa katika Skills Development Scotland, chombo cha umma cha taifa. Nchini Wales, kampuni sita ziliunganishwa, na tangu mwaka 2013 Careers Wales imekuwa kampuni inayomilikiwa kikamilifu na Serikali ya Wales. Katika Ireland ya Kaskazini, ambako sheria ya 1993 haikuleta mikataba ya aina hiyo, huduma ilibaki ndani ya wizara.

Haitakuwa sahihi kuhitimisha kwamba umiliki wa umma huondoa tatizo la kipimo, kwani hata idara ya Serikali inaweza kuhesabu hati. Tofauti iko katika urefu wa njia. Kasoro inapobainika Wales, Waziri ana chombo kimoja cha kukihoji, na Bunge linajua ni nani wa kumwita. Nchini Uingereza, baada ya 2012, swali la nani aliyewajibika kwa mwanafunzi ambaye hakupata ushauri lilikuwa na majibu mengi: shule, bodi ya shule, kampuni iliyouza siku chache za ushauri, Wizara, au wote pamoja.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kwamba kukabidhi huduma hakukabidhi wajibu, na kwamba uwezo wa Serikali kutimiza wajibu huo unategemea namna inavyopanga kuona. Katika miaka ya 1990 iliona idadi ya hati. Chini ya Connexions iliona uwiano wa wasio na shughuli, huku wasiojulikana wakibaki pembezoni. Baada ya 2012, kwa wanafunzi, ilipoteza hata kile kidogo ilichokuwa ikikiona, mpaka wakaguzi walipokwenda shuleni.

Makala yanapendekeza masharti matatu ya usimamizi wa huduma ya namna hii. Kwanza, ufuatiliaji, ukaguzi na tathmini vitumike kwa pamoja, na kila kimoja kifanywe na chombo tofauti. Pili, kipimo chochote kiwahesabu pia wasiofikiwa na wasiojulikana, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kudhurika na wenye uwezekano mdogo wa kulalamika. Tatu, mnunuzi wa huduma asiwe na masilahi yanayokinzana na ya mshauriwa. Na pale isipowezekana kuyaepuka, sheria iyatambue na kuyadhibiti mapema badala ya kungoja miaka mitano.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu mikataba midogo kati ya shule moja moja na washauri. Mikataba hiyo ni mingi na midogo kifedha, lakini ndiyo inayoamua iwapo kijana ataketi na mshauri au atapewa tu anwani ya tovuti.